Linka, Salamu Mbili na Pampu ya Mitunguu

Linka ikikukataa, usiitukane. Isome kwanza. Nimeona vijana wa karakana za Makutano wakifokea kompyuta kama mtu anayefukuza mbuzi kwenye mahindi, na kumbe ujumbe uko hapo mbele yao, umeandikwa wazi: ruka hii haifiki. Haifiki ni haifiki. Hata ukiilaani siku nzima, haitarefuka.

Mimi ni Karwitha. Sasa ni shosho wa watu, nimestaafu, nafuga kuku hapa Kanyakine. Shule niliishia darasa la saba. Niliajiriwa na Fundi Kiambi pale Makutano nimfagilie karakana na kuchomea nyaya, wakati alipokuwa anatengeneza redio. Redio zilipoanza kutupwa badala ya kutengenezwa, yeye akageukia mitambo midogo ya kuendesha pampu na mizani ya maziwa. Siku moja aliniona nimesimama nyuma yake nikitazama anavyoandika programu. Akaniuliza, "Wewe unajua kujumlisha?"

"Najua."

"Na kutoa?"

"Najua."

"Na wewe ni mkaidi, hilo nalijua mimi. Basi kaa chini, hizo tatu zinatosha."

Nikakaa. Sikuinuka tena mpaka macho yalipochoka.

Sasa nyinyi mnaoanza, nisikilizeni. Programu huiandiki kama barua moja ndefu. Unaiandika vipande vipande: hiki cha kusoma kama maji yapo, hiki cha kuwasha pampu, hiki cha kuizima. Kompaila inageuza kila kipande kuwa amri za chipu, lakini haijui kipande kitaishi wapi kwenye memori. Anayejua ni linka, ile programu ya kuunganisha. Yeye ndiye anayevipanga vipande, anakipa kila kimoja boma lake, halafu anarudi kujaza zile amri za kuruka: kutoka hapa, ruka umbali huu, utafika kwa fulani.

Taabu inaanzia hapo. Amri ya kuruka ina nafasi ndogo ya kuandikia umbali. Umbali ukiwa mkubwa kuliko nafasi hiyo, hauandikiki. Ni kama sauti ya mtu. Ukisimama kwenye kilima hiki cha kwetu ukamwita mtu wa kilima kinachofuata, anakusikia. Yule wa kilima cha tatu hakusikii hata upasuke koo. Mama yangu akitaka neno lifike huko alimwita jirani wa kilima cha katikati, na jirani akalipokeza.

Linka nayo hufanya vivyo hivyo. Ikiona ruka haifiki, inaweka kipande kidogo mahali pa karibu, sisi tulikiita kidaraja. Wewe unaruka hadi kwenye kidaraja, na kidaraja kina amri ndefu inayoweza kufika popote. Vijana siku hizi wanakiita trampolini. Iteni mnavyotaka.

Mtu mwerevu ataniuliza, kwa nini usitumie amri ndefu kila mahali, yakaisha? Kwa sababu amri ndefu ni nene. Inakula memori. Chipu za bei yetu hazikuwa na memori ya kuchezea. Ukifanya kila ruka iwe ndefu, programu inafura haiingii. Ukifanya zote ziwe fupi, hazifiki. Kidaraja kimoja kinaweza kutumiwa na wengi wanaokwenda mahali pamoja, kama gogo moja juu ya mfereji. Hapo ndipo unapookoa nafasi.

Nayajua haya vizuri kwa sababu ya pampu ya Mitunguu.

Kulikuwa na kikundi cha wakulima wa ndizi huko, mwenyekiti wao mwanamke aitwaye Gatwiri, mwenye sauti ya chini na msimamo wa jiwe. Pampu yao ya kwanza iliungua. Mahali pa kuchotea maji mtoni palijaa mchanga, pampu ikanguruma kavu, na aliyekuwa kwenye zamu alikuwa amekwenda kugeuzia ng'ombe malisho. Wakafanya harambee wakapata nyingine. Wote walijua hakutakuwa na ya tatu. Gatwiri alikuja Makutano akasimama mlangoni, hakutaka hata kiti.

"Fundi, nataka kitu cha kuizima hiyo pampu maji yakikatika. Hata kama mwenye zamu amelala."

Tukatengeneza. Na kwa kuwa kila siku zamu ilikuwa ya mtu mwingine, na wazee wengi hawakuweza kusoma maandishi ya kioo kidogo, Fundi aliamua mtambo uongee. Sauti ikawa yangu, Kiimenti changu cha Kanyakine. "Usiguse! Maji yamekatika! Ondoa mchanga!"

Tulipoufunga, watu wa juu, Waimenti wenzangu wa mlimani, walifurahi. Watu wa chini, wanaopakana na mto, wengi wao Watharaka, walinyamaza. Halafu mzee wao aitwaye Mutegi akasema, "Mashine yenu haina adabu."

Fundi akacheka kidogo. "Mzee, hiyo ni mashine."

"Sauti ni ya nani?"

"Ya huyu mama, Karwitha."

"Basi Karwitha hana adabu. Ananiamrisha kwa lugha ya watu wa juu na hajaniuliza nimeamkaje."

Watu walicheka, hata mimi. Lakini Gatwiri hakucheka. Bomba kuu lilitoka mtoni likapitia mashamba ya watu wa chini ndipo likapanda kwa watu wa juu. Watu wa chini wakijitoa, bomba linabaki upande wao na ndizi za juu zinakauka. Pampu nayo ni ya wote, na peke yao watu wa chini wasingeweza kuinunulia hata mafuta. Kikundi kikivunjika kingevunjikia pande zote.

"Mzee Mutegi," Gatwiri akamwambia, "ukitaka mashine ikusalimie, itakusalimia. Kwa lugha yako. Unaridhika?"

"Na sauti ya nani itakuwa mbele huko ndani?"

Fundi Kiambi, ambaye hakuweza kuona ugomvi bila kuukimbilia na maji, akajibu haraka, "Hakuna atakayekuwa mbele. Naahidi."

Nikamtazama. Nilijua tumejitia kazini.

Mzee Mutegi alikuja karakana kurekodiwa. Jamani. Huyo mzee hakusalimu kwa neno moja. Aliuliza habari ya kuamka, ya watoto, ya ng'ombe, ya mvua, akaitikia mwenyewe, ndipo akasema maji yamekatika. Na mimi nikalazimika kurekodi upya, niwe sawa naye, nami niulize habari za watoto na ng'ombe. Sauti inakula memori kuliko nzige. Lakini kukata salamu katikati hakukuwezekana. Wewe unaweza kumkatiza mzee wa watu kabla hajamaliza kukuuliza hali?

Kuandika programu kulimwangukia Ireri, kijana aliyesomea uhandisi, mtu wa Mbeere, huko Embu chini kwenye joto. Aliniita Mama, na alikuwa na mzaha usioisha. Fundi akamwambia vile alivyoahidi. Ireri akafikiri akasema, "Rahisi. Sauti ya Mama huku, sauti ya mzee kule, na kipande cha kuangalia maji nakiweka katikati yao, kama mwenyekiti kwenye mkutano."

Wakaipenda hiyo, yeye na Fundi. Wakaandika yote matatu kama kipande kimoja kikubwa: Kiimenti, halafu kuangalia maji, halafu Kitharaka. Kipande cha kuzima pampu kilikuwa mbali, mwisho wa memori, mahali ambapo Fundi alipafunga tangu zamani pasiguswe na mtu, kwa usalama.

Ireri akaita linka. Linka ikakataa: ruka ya kutoka kuangalia maji hadi kuzima pampu haifiki.

"Itaweka kidaraja," Ireri akasema. Akaiambia iweke vidaraja. Ikakataa tena.

Sasa shikeni hapa, kwa maana wengi wenu mtakwama hapahapa. Linka haipasui kipande. Ikipewa kipande, inakibeba kizima kama ilivyokipokea. Kidaraja inaweza kukiweka kati ya kipande na kipande, kwenye mshono, si tumboni mwa kipande. Kile kipande chetu kilikuwa tumbo tupu. Yule "mwenyekiti" aliye katikati, akitazama kushoto ni salamu zangu hadi upeo wa macho, akitazama kulia ni ng'ombe wa Mzee Mutegi. Mshono wa kushoto haufikiki. Wa kulia haufikiki. Hata kidaraja kingewekwa, angekirukia vipi?

Lakini siku hiyo hatukuliona mara moja. Ireri akajaribu amri ndefu kila mahali. Memori ikafurika. Fundi akaanza kuongea taratibu, ile sauti yake ya mtu anayetaka kuvunja ahadi. "Pengine tumwombe mzee afupishe habari ya mvua..."

"Mwombe wewe," nikasema.

"Ama tutoe Kiimenti?"

"Watu wa juu nao watasemaje?"

Gatwiri alipiga simu siku hiyohiyo. Nilishika mimi. Akaniambia watu wa chini wameitisha mkutano wao peke yao, bila kumwita. "Karwitha, niambie ukweli. Mashine ipo ama haipo?"

"Haijakubali."

"Ndizi zangu zinatoa mikungu," akasema. "Sitaki kuwasha pampu bila mlinzi. Na sitaki kukaa bila kuwasha."

Hakuwa akilia wala kupiga kelele. Angelia ingekuwa nafuu.

Nilirudi mezani. Ireri alikuwa amefungua ramani ya linka. Kila linka itakuandikia ramani ukiiomba, inakuonyesha nani anaishi wapi na boma lake ni kubwa kiasi gani. Ninyi mnapenda kubahatisha. Ombeni ramani. Alikuwa akitembeza kidole kwenye kioo, na kidole kikatembea, kikatembea, bado kipo kwenye kipande kilekile.

"Mama," akasema polepole, "huyu ni mmoja tu? Huyu mtu mzima hivi ni mmoja?"

"Ni mmoja. Mlimfunga pamoja nyinyi."

"Kwa hiyo hakuna mahali pa kuweka gogo."

"Mpasue."

Fundi akashtuka. "Tukiwapasua, linka itawapanga inavyotaka. Inaweza kumweka mmoja mbele. Niliahidi."

Ireri akatikisa kichwa. "Fundi, unaweza kuipa linka mpango. Ukiiambia Kiimenti, halafu maji, halafu Kitharaka, itafuata. Vitakuwa vitatu, lakini vitakaa vilevile. Mishono ndiyo itaongezeka."

Akakata mara mbili tu. Vipande vitatu, mpangilio uleule. Akaita linka, nayo ikaweka kidaraja kidogo pale kwenye mshono, ubavuni mwa kile cha kuangalia maji. Ruka fupi hadi kidarajani, ruka ndefu hadi kwa mzimaji. Ikafika.

Tangu hapo naandika kila kazi kama kipande chake, hata iwe ndogo kama punje. Ina faida nyingine pia. Kipande kisichoitwa na yeyote linka inaweza kukitupa chenyewe. Kikiwa kimefungwa na wenzake, hakitupiki, utakilisha bure.

Ngojeni kidogo niwaambie jambo la Embu kabla sijamaliza, maana linaua watu kimyakimya. Baadaye tulitengeneza mizani ya maziwa kwa ajili ya wafugaji wa huko kwa akina Ireri. Uzito ulikuwa unatoka sawa, halafu programu ilipokua kidogo, ukaanza kutoka wa ajabu, ndoo moja inapimwa kama ndama. Hakuna aliyegusa hesabu. Kumbe kidaraja kinahitaji rejista moja, yaani kijisanduku kidogo ndani ya chipu, cha kushikia anwani kinapokurusha, na fundi mmoja aliyeandika amri kwa mkono alikuwa ameweka uzito kwenye rejista hiyohiyo. Zamani hapakuwa na kidaraja kati yake na anakokwenda. Programu ilipokua, kikajengwa, kikapita kikafuta uzito. Kila chipu ina rejista yake ambayo linka imeruhusiwa kuichafua. Iulizie jina, na usiweke kitu chako humo wakati unaruka. Kuacha sufuria njiani halafu kulaumu ng'ombe ni ujinga.

Na jambo lingine: kuweka kidaraja kunasukuma majirani. Ruka iliyokuwa inafika kwa shida inaweza isifike tena, nayo ikadai kidaraja chake. Upande mwingine, ukifupisha amri ndefu zilizo karibu, vitu vinasogeleana na nyingine nazo zinafupika. Ndiyo maana linka nzuri inazunguka tena na tena mpaka hakuna kinachosogea. Ikichelewa, mwache mtu afanye kazi yake.

Basi, Mitunguu. Ruka ilikuwa inafika, lakini memori ilikuwa bado imezidi, kidogo tu. Ireri akaiambia linka iunganishe vipande vinavyofanana herufi kwa herufi. Vilikuwepo viwili: cha kupiga sauti ya watu wa juu na cha kupiga sauti ya watu wa chini, pacha kabisa. Linka ikabakiza kimoja, wote wawili wakakitumia. Programu ikaingia.

Tukafurahi. Fundi akaagiza chai. Tukaujaribu mtambo pale mezani: nikang'oa waya wa kihisi maji, taa ya pampu ikazima papo hapo. Safi. Halafu sauti yangu ikaanza, habari ya kuamka, watoto, ng'ombe. Ikamaliza. Ikaanza ya pili.

Ikawa yangu tena.

Ireri akaweka kikombe chini. "Mama, umemla mzee."

"Nyamaza. Rudia."

Tukarudia. Mimi, halafu mimi. Mzee Mutegi hayupo. Fikirini tungelipeleka hilo Mitunguu! Mtambo wenye ahadi, unasalimia kwa Kiimenti mara mbili mbele ya wazee wa Tharaka.

Kosa halikuwa la linka. Kipande cha kuchagua sauti kilikuwa kinauliza, "Aliyeniita anatoka anwani gani?" Ikiwa ni anwani ya mpigaji wa juu, kinatoa Kiimenti. Sasa wapigaji wawili walikuwa wamefanywa mmoja, wana anwani moja. Kila aliyekuja alionekana wa juu. Kwa hiyo mkiunganisha pacha, msimtambue mtu kwa anwani ya nyumba yake. Mpeni namba aibebe mkononi. Ireri akafanya hivyo, na mara hii baada ya mimi kuuliza habari za ng'ombe, Mzee Mutegi naye akauliza, kwa raha zake zote, mvua na kila kitu.

Tukaubeba mtambo. Watu walikuwa wamejaa kwenye kibanda cha pampu, wa juu upande huu, wa chini upande ule, na nafasi katikati yao ambayo hata kuku hakuivuka. Mzee Mutegi alikuwa mbele, mikono nyuma.

"Fundi," akasema kabla hatujafunga hata skurubu moja. "Nina swali. Hizo salamu zetu ni ndefu. Maji yakikatika, pampu itangoja mimi nimalize kusalimia?"

"Hapana, mzee. Inazimwa kwanza. Salamu baadaye."

"Na inapita wapi, ikiwa sisi tuko njiani na maneno yetu?"

Fundi akanitazama mimi. Nikamwambia mzee, "Kuna kidaraja, baba. Kiko mpakani mwa shamba lako, kati yako na yule anayeangalia maji. Anapita juu yake, hakukatizi wewe wala mimi."

"Mpakani mwangu."

"Ndiyo."

Akafikiri. "Hakijaingia shambani?"

"Hakijaingia."

"Sawa. Washa."

Pampu ikanguruma, bomba likatetemeka, huko juu watu wakaona maji wakapiga kelele. Gatwiri akawaacha washangilie, halafu akateremka mtoni mwenyewe, akaingia hadi magotini, akaziba mdomo wa bomba kwa gunia. Hakumwambia mtu.

Pampu ikazima.

Halafu mimi nikawasalimia kutoka kwenye sanduku, na watu wa juu wakaitikia kwa mazoea kabla hawajajua wanaitikia chuma. Halafu Mzee Mutegi, kwa Kitharaka, na upande wa chini nao wakaitikia, mwanamke mmoja akijifunika mdomo kwa kicheko. Ndipo sauti zote mbili zikasema maji yamekatika.

Gatwiri alipanda kutoka mtoni na gunia mkononi, sketi imelowa, akaweka kiganja juu ya pampu. Akakiacha hapo muda. Ilikuwa na joto la kazi tu, si la kuungua.

Mtu wa juu akauliza, "Mwenyekiti, tuanze zamu za maji? Ya kwanza ni yetu, kama kawaida?"

Gatwiri akakausha mkono kwenye blauzi. "Maji yanapita kwao kabla ya kufika kwetu," akasema. "Leo aanze Mutegi."

Wa juu wakaguna. Hakuna aliyeondoka. Mzee Mutegi akainama, akachukua jembe lake ukutani, akaenda kufungua mfereji.